Bibi yangu haulizi "shilingi ngapi", anauliza "lini": niliyoyaona katika kaya iliyoishi kwa ruzuku

Mjukuu wa Ugogo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Poleni na pilika za sensa hii ya Agosti 2022, natumaini makarani wamewafikia wote.

Kuna uzi humu watu wanabishana kama serikali iendelee kuzipa fedha kaya maskini au iache, ukizingatia maisha yalivyopanda mwaka huu. Nimeusoma wote. Karibu kila anayechangia anasema "wao". Wao wamebweteka, wao wanangoja, wao wanazinywea. Mimi ndiye huyo "wao". Naomba mnivumilie, ni ndefu kidogo.

Nimelelewa na bibi mzaa mama, kijiji kimoja wilaya ya Chamwino, huku Ugogo, mkoa wa Dodoma, mimi na wadogo zangu wawili. Mwaka 2010 nilikuwa darasa la tano. Ndio mwaka TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, walipoanza majaribio ya kutoa fedha kwa kaya katika wilaya tatu, Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vilichaguliwa vijiji 80, 40 vikaanza na 40 vikasubiri ili ionekane tofauti. Kutokana na majaribio yale ndipo ukaja Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini uliozinduliwa Agosti 2012 na kusambaa nchi nzima. Kijiji chetu kilikuwa miongoni mwa vile 40 vya mwanzo.

Bibi alikataa. Siku ya mkutano wa kijiji watu walimtaja, yeye akanyanyuka akasema hataki. Mnapaswa kujua bibi amelelewa na nani. Wazee waliomlea waliiona Mtunya, ile njaa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kupita wakibeba nafaka, ng'ombe na vijana wa kuchukua mizigo. Kwa watu wale serikali ni kitu kinachokuja kuchukua. Ikija kutoa, uliza itarudi kudai nini. Jirani yake ndiye aliyemshika mkono akamwambia, "Mama, hawa watoto watatu utawalisha heshima?" Akakubali.

Sasa nieleze jambo ambalo asiyeishi Ugogo halijui, maana hapa ndipo hoja yangu yote ilipo.

Mvua kwetu ni ya msimu mmoja. Inaanza Desemba, mwaka mbaya inasogea hadi Januari, ikifika Aprili imekwisha. Uwele na mtama tunavuna Mei na Juni. Maana yake ghala la mtu maskini linaisha pale pale shamba linapotaka mikono. Ndani hamna kitu, nje majani yanaota. Unafanyaje? Unakwenda kulima kwa mwenye nacho. Anakupimia kipande, ukimaliza anakupa fedha kidogo au vibaba vya uwele, jioni watoto wanakula. Kesho unarudi. Zikipita wiki tatu hivi, shamba lako limefunikwa na majani huku la mwenzio likiwa safi kwa jasho lako. Mei unavuna madebe mawili mahali pa magunia manne. Desemba inayofuata ghala linaisha mapema zaidi, na wewe unakwenda kulima kwa watu mapema zaidi. Bibi aliishi hivyo kila mwaka tangu babu afariki. Sijawahi kumwona amekaa tu. Alikuwa anaondoka alfajiri na jembe begani na anarudi jua limezama, na bado tulikuwa tunalala na uji.

Ruzuku ilipoanza, malipo yalikuwa kila baada ya miezi miwili, kiasi kikitegemea watoto na wazee waliomo ndani. Kwetu, kwa mzee mmoja na watoto watatu, nakumbuka ilikuwa kama elfu arobaini na kitu. Gawanyeni kwa siku sitini, ni kama shilingi mia saba kwa siku, watu wanne. Sitaki mtu aniambie hela hiyo inamfanya mtu abweteke.

Lakini ilifanya jambo. Msimu wa kwanza wa ruzuku bibi hakwenda kulima kwa mtu Januari nzima. Alipalilia la kwake. Nakumbuka kwa sababu tulikuwa tunatoka shule tunamkuta shambani kwetu, badala ya kumsubiri mpaka usiku. Mwaka ule uwele ulijaa kihenge mpaka tukaazima gunia.

Na kuna la pili, hili nililielewa nikiwa mkubwa. Mwenye duka pale kijijini alikuwa hamkopeshi bibi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa hajui atalipwa lini. Tarehe za malipo zilipojulikana, jina la bibi likaingia kwenye daftari. Chumvi, sabuni, mafuta ya taa, kilo ya unga siku mambo yakibana. Siku ya malipo bibi anapita dukani kwanza, anafuta deni, kinachobaki anakuja nacho nyumbani. Wakati wa mavuno aliweza hata kungoja asiuze, kwa sababu hakuwa na dharura ya kuuza uwele Juni kwa bei ya kutupa halafu aje kuununua Januari kwa bei ya kuumia.

Ndiyo maana mpaka leo, mimi nikiwa fundi cherehani hapa Dodoma mjini, nikimpigia kumwambia nitamtumia kitu, haniulizi kiasi. Ananiuliza, "Lini?"

Tathmini ya majaribio yale ilichapishwa na Benki ya Dunia mwaka 2014. Walikuta kaya zilizopata zilikuwa na watoto wengi zaidi wenye viatu, zilinunua kuku na mbuzi, na zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii. Niliposoma habari ya viatu nililia, maana jozi yangu ya kwanza ya viatu vya shule ilitoka kwenye malipo ya pili.

Hoja yangu ni hii: tunapoongelea msaada wa serikali wakati wa dhiki, tunabishania kiasi. Tubishanie tarehe. Hela ndogo yenye siku inayojulikana inamtoa mtu kwenye kibarua cha njaa. Hela kubwa isiyojulikana inakuja lini, huwezi kuipangia kitu.

Karibuni.

Nyundo Kali

Dada, pole kwa uliyopitia, na hongera kwa ulipofika. Ila mimi nabaki upande wangu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nchi haijengwi kwa kugawa. Mwaka huu wa 2022 serikali imetoa shilingi bilioni 150 kwenye ruzuku ya mbolea, imezinduliwa Nanenane pale Mbeya tarehe 8 Agosti. Mfuko wa DAP wa kilo 50 uliokuwa umepita 130,000 sasa ni 70,000. Huo ndio msaada wa mtu mwenye nguvu zake. Anajiandikisha, ananunua, analima, anauza. Na kwenye hizo za kaya maskini sote tunakumbuka uhakiki wa 2016, maelfu ya kaya zisizostahili ziliondolewa. Hela ya walipa kodi iliwafikia watu wenye nyumba za bati na mifugo.

Mjukuu wa Ugogo

Nyundo Kali, asante kwa kuandika kwa heshima. Jembe bibi alikuwa nalo. Alikuwa nalo kabla sijazaliwa. Alichokosa ni chakula cha Januari ili jembe lile lilime shamba lake mwenyewe.

Mbolea siipingi hata kidogo, wakulima wa Mbeya na Ruvuma walikuwa wameshakata tamaa. Ila angalia inamfikia nani. Inamfikia mwenye 70,000 mkononi kabla ya mvua. Kwetu uwele tunaupanda bila DAP, na Novemba ndio mwezi ambao huwezi kuiona elfu kumi nyumbani. Mbolea ni msaada wa mkulima, na bibi naye ni mkulima, lakini huo unampita kwa juu.

La kaya zisizostahili ni kweli, na waliofanya vile wamewaibia watu kama sisi kabla ya kumwibia mlipa kodi. Uhakiki uendelee, hilo sina ubishi.

Kijiwe cha Boda

Nafuatilia kwa makini. Naweka kiti.

Mstaafu Mtendaji

Nimekuwa mtendaji wa kijiji miaka mingi kabla ya kustaafu, nikiwa mkoa wa Singida. Naomba nieleze watu walivyokuwa wanachaguliwa, maana naona wengi humu wanadhani mwenyekiti anaandika ndugu zake jioni na asubuhi wanapata fedha.

Kwanza unaitishwa mkutano wa kijiji. Wananchi wenyewe wanakubaliana kaya maskini sana ni ipi hapo kwao: isiyo na uhakika wa milo, isiyo na mtu mwenye nguvu za kufanya kazi, wazee wanaolea yatima, nyumba ya namna gani. Wanatajwa mbele ya watu wote. Halafu kaya zilizotajwa zinajaziwa dodoso, nyumba kwa nyumba, na majibu yanaingizwa kwenye kompyuta ili yapimwe na vigezo vinavyofanana nchi nzima. Orodha inarudi kijijini, inasomwa tena mkutanoni, watu wanapinga au wanakubali.

Mpango ulipoenea nchi nzima, ruzuku ya msingi ilikuwa 10,000 kwa mwezi kwa kaya. Kaya yenye watoto inaongezewa 4,000. Kisha kuna nyongeza za masharti, mtoto mdogo kwenda kliniki, mwanafunzi kuhudhuria shule kwa asilimia 80. Hata ukijumlisha kila kitu, kaya moja haikuweza kuzidi 38,000 kwa mwezi. Na wenye nguvu walipewa ajira za muda, kuchimba malambo na kutengeneza barabara za kijiji kwa 2,300 kwa siku, zikipangwa makusudi miezi ile ya njaa anayoisema huyu binti. Kwa hiyo Nyundo Kali, jembe walipewa pia.

Kitu kilichoniumiza mimi ni ule mkutano wenyewe. Kumtaja mtu mbele ya kijiji kizima kwamba ni maskini wa kutupwa si jambo dogo. Nimeona mzee akiinuka na kuondoka. Nimeona pia mama aliyekosa kwa sababu ya tofauti ndogo tu kwenye dodoso, jirani yake amepata, na kuanzia hapo hawasalimiani. Mstari ukiuchora katikati ya watu ambao wote ni maskini, lazima utawagombanisha. Sikuwahi kupata dawa ya hilo.

Mwana wa Unguja

Assalaam alaykum.

Sie kwetu Zanzibar dawa ya hilo kwa upande wa wazee ilipatikana. Aprili 2016 ilianzishwa pensheni jamii, kila mzee aliyetimiza miaka 70 anapata, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Hapaulizwi una nini wala mwanao yupo wapi. Sharti ni umri na ukaazi. Marehemu babu yangu alikuwa mvuvi wa Nungwi, hakuajiriwa hata siku moja, hakutarajia kuwa na kitu kinaitwa pensheni. Siku ya kupokea alikuwa akivaa kanzu yake ya Ijumaa. Akirudi kila mjukuu anapata mia mbili ya skuli. Zile mia mbili zilimrudishia cheo nyumbani. Alikuwa amefika pahala pa kuomba hata hela ya tumbaku.

Kwa hiyo mzee Mtendaji, mkitoa kwa wote wa rika fulani, hakuna wa kutajwa mkutanoni na hakuna wa kununiana.

Binti Kilifi

Habari zenu majirani. Nawasoma nikiwa bara kidogo ya Kilifi, sehemu za Ganze, na mwaka huu ukame umetumaliza kwelikweli. Mbuzi wa nyumbani wamebaki wa kuhesabu kwa vidole.

Kwetu Kenya pia kuna pensheni ya wazee, iko chini ya mpango wa serikali wa Inua Jamii. Tangu 2018 ni kwa kila aliyefika miaka 70, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Nyanya yangu anapata. Nakubaliana na mwenye uzi kwa kila neno la lile daftari la duka. Hapa kwetu mwenye duka anajua wazee wote wa Inua Jamii kwa majina.

Lakini nataka niwape mfano wa mwezi jana tu. Julai 20, 2022, serikali ilitangaza kushusha unga wa mahindi, paketi ya kilo mbili iliyokuwa 205 iuzwe 100, kwa wiki nne. Tulifurahi jamani. Mimi mwenyewe nilimpigia mama usiku ule. Basi nenda dukani. Mwenye duka anakuambia haujafika. Kesho haujafika. Siku umefika, paketi chache zimegombaniwa asubuhi na waliokaa karibu na barabara. Huku ndani kwetu, mtu wa kutembea kilomita sita kuja sokoni, unga wa 100 aliusikia redioni tu. Wiki nne zikaisha, uchaguzi ukapita, na sasa hivi tunanunua bei ileile.

Zile 2,000 za nyanya hazikutangazwa redioni siku ile, ila ndizo zilizonunua unga, wa bei ya juu, kwa sababu zilikuwa mkononi. Nimeandika haya kwa uchungu, mnisamehe.

Mjukuu wa Ugogo

Binti Kilifi, usiombe msamaha. Pole sana, na Mungu awape mvua ya vuli.

Umesema jambo nililokuwa nalitafuta maneno. Kushusha bei kunamfaa aliye karibu na bidhaa. Hata hii ruzuku yetu ya mafuta, shilingi bilioni 100 kila mwezi tangu Juni 2022, anayeifaidi zaidi ni anayechoma mafuta mengi zaidi. Mwenye magari matatu anapata ruzuku ya magari matatu. Bibi yangu anapata nini?

Kijiwe cha Boda

Hapo dada nakukatalia, na ndio nimeamua kuandika.

Mimi ni boda wa Dar, pikipiki ya mkataba. Kila siku namlipa bosi hesabu yake, nimepata abiria sijapata. Lita ya petroli imepita 3,000. Bila ile ruzuku ya Juni ningekuwa nimesharudisha pikipiki. Na bibi yako anafaidi pia, ila haoni tu. Nauli ya gari linaloleta sabuni na chumvi kijijini kwenu imo humo.

Kilichonileta ni kingine. Mnaongea kuhusu wazee na kaya za vijijini. Sisi wa mjini, umri miaka 29, mikono yote mizima, hatuhesabiwi popote. Machi mwanangu aliumwa, nikachukua mkopo wa kausha damu. Laki mbili. Marejesho elfu kumi kila siku kwa siku thelathini. Pigeni hesabu, ni laki tatu. Siku usipoleta, kuna faini na wanakuja nyumbani kwa kelele ili majirani wasikie. Nikachukua wa pili kulipa wa kwanza. Mke wangu aliuza mashine yake ya kusaga juisi, ndiyo ilikuwa inatulisha. Mpaka leo nikisikia watu wanagonga mlango kwa nguvu, tumbo linakata.

Sikuhitaji ya bure. Nilihitaji laki mbili ya riba ya kibinadamu kwa siku moja tu. Kama ingekuwepo, nisingekuwa hapa.

Mstaafu Mtendaji

Kijana wangu, pole. Haya uliyoyaandika yanawakuta wengi na wanaona aibu kusema.

Mambo mawili uyajue. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka kila anayekopesha kibiashara awe na leseni, na kanuni za Benki Kuu zimeweka ukomo wa riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Wewe ulitozwa asilimia 50 kwa mwezi. Ukikutana tena na mtu wa namna hiyo, kabla ya kupokea shilingi yake muombe leseni na mkataba wa maandishi. Wengi wao hapo hapo wanaondoka.

La pili, halmashauri zote kisheria zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni kwa vikundi. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Hautamaliza dharura ya mtoto kuumwa usiku, nakubali, kwa sababu unachukua muda. Lakini vijana watano wa kijiwe kimoja wanaoaminiana wanaweza kumiliki pikipiki zao.

Kijiwe cha Boda

Asante mzee wangu. Hilo la leseni sikulijua kabisa. Sisi tunajua tu namba ya simu iliyoandikwa kwenye nguzo ya umeme.

Nyundo Kali

Nimesoma yote tangu jana. Kuna sehemu nimesogea. Ile ya kulima kwa watu wakati la kwako linajaa majani, sikuwahi kuiangalia hivyo. Nimekulia Rungwe, kwetu mvua hainyimi mtu, ndizi iko nyuma ya nyumba mwaka mzima. Nikimwona mtu hana chakula nilikuwa najua ni mvivu.

Bado swali langu liko pale pale. Hela inatoka wapi, na inaisha lini? Sehemu kubwa ya mpango huu ni mikopo na misaada ya wahisani. Siku wakisema basi?

Mjukuu wa Ugogo

Hilo ni swali la haki na sitalizunguka. Likinisumbua mimi, linawasumbua zaidi walio ndani. Wakisema basi, ile tarehe inapotea, na mwenye duka anafunga daftari siku hiyohiyo. Ndiyo maana ningependa kuona sehemu kubwa ya fedha hizi inatoka kwenye bajeti yetu wenyewe, kama Zanzibar walivyofanya kwa wazee wao.

Kuhusu kuisha: kwetu iliisha yenyewe. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza ushonaji, mdogo wangu mmoja ni fundi umeme, mwingine yuko chuo cha ualimu. Bibi sasa anatutegemea sisi. Hata hivyo mwaka huu nimeona jinsi kamba ilivyo nyembamba. Bei ya vitambaa imepanda, wateja wa sare wanaomba kulipa kidogo kidogo, mafuta ya kula yananitisha kila nikienda sokoni, na nikituma elfu ishirini kijijini kuna makato na kuna tozo. Katika miezi miwili hii iliyopita nilimtumia bibi mara tatu bila mpango. Mara ya kwanza elfu thelathini, kisha kimya wiki tano, halafu elfu kumi mara mbili katika wiki moja. Jumla yake si haba. Lakini alishakopa debe la uwele kwa masharti mabaya katikati ya zile wiki tano.

Nimeandika uzi mzima kuhusu tarehe, na mimi mwenyewe nilimnyima bibi tarehe. Hilo limeniuma tangu niandike jana.

Mama Wawili

Dada samahani nakatiza. Mama yangu mdogo yuko Bahi, analea wajukuu wanne, mume amefariki. Wakati wa kuandikisha kaya alikuwa amelazwa na mtoto hospitali, hakutajwa. Sasa afanyeje? Kuna fomu?

Mstaafu Mtendaji

Mama Wawili, hakuna fomu ya kujaza siku yoyote ukaingia. Uandikishaji una vipindi vyake, na ndiyo maana aliyekosa mkutano anaumia. Afanye hivi: aende kwa mwenyekiti wa kitongoji ili ajulikane kwamba kaya yake iliachwa, kisha kwa mtendaji wa kijiji aandike barua fupi yenye majina ya watoto na umri wao, abaki na nakala yenye muhuri. Halmashauri ya wilaya ina mratibu wa TASAF, nakala nyingine iende kwake. Uandikishaji ukifunguliwa, barua ile iwepo mezani. Na siku ya mkutano asikose, na awepo jirani wa kumtaja, maana wengi wanashindwa kujitaja wenyewe.

Kama kuna mtoto wa shule miongoni mwa hao wanne, mwalimu mkuu naye anaweza kuandika kwamba anaifahamu hali ya kaya hiyo.

Mama Wawili

Wawili wako shule ya msingi. Asante sana baba, nampigia sasa hivi.

Binti Kilifi

Naona mzee huyu angekuwa chifu wetu.

Mjukuu wa Ugogo

Shikamoo mzee Mtendaji, na asante kwa kuushika uzi huu.

Nawaletea mrejesho mfupi nikalale. Jana usiku tumepigiana simu sisi watatu. Tumekubaliana kila mmoja anaweka fungu lake kwangu, na mimi namtumia bibi tarehe 10 ya kila mwezi. Mdogo wangu wa chuo ameahidi elfu tano, tumeipokea. Kiasi ni kidogo kuliko nilivyokuwa natuma miezi mizuri. Ikitokea mmoja wetu amekwama, wengine wawili wanaziba, tarehe haisogei.

Asubuhi nimempigia bibi. Nimemwambia, "Bibi, kuanzia sasa ni tarehe 10, kila mwezi."

Akanyamaza kidogo. Nilidhani mtandao umekata.

Kisha akasema, "Ngoja nimwite huyu mtoto aniandikie. Nataka nipite dukani nikamwambie kabla hajafunga."